Gari la Babu Dadi

"Hiyo ni Benzi!"

"Benzi ya wapi, we Venanti? Hiyo Volvo, hata kipofu anaona!"

Sebule ya Mzee Abdulrahmani, muuza vitenge wa Kasulu mjini, ilijaa majirani hadi mlangoni. Ukutani alikuwa ametundika picha ya marehemu baba yake, Mzee Dadi, ameegemea gari la zamani. Kila aliyekunywa chai alilibatiza gari hilo jina alilotaka.

"Bishaneni mpaka mchoke," Mzee alisema, kifua mbele. "Baba alikuja nalo kutoka Bagamoyo. Sisi watu wa pwani, si watu wa kuja."

Zuhra, binti yake, nusura aangushe birika. Jiwe lile alirushiwa yeye. Baba alikuwa amekataa posa ya Ridhiwani, muuza spea wa Kibondo, kwa sababu moja tu: wazazi wa kijana walitoka Burundi. Uraia wanao, dini moja, lakini wapi! Watu wa kuja.

Akaipiga picha ile kwa simu, akaituma:

"Mpenzi, hili gari gani? Ukilijua, baba atalainika."

"Nipe dakika, malkia."

Dakika ikawa kutwa nzima. Kesho yake Zuhra akajifungia jikoni, akapiga.

"We Ridhi, umekufa?"

"Nipo, laazizi."

"Gari umelijua?"

"Nimelijua. Bora nisingelijua."

"Usinitanie!"

"Pijo 403. Tazama puani, kuna kichwa cha simba. Sasa kuza picha. Usukani uko wapi?"

"Kushoto."

"Na magari ya kwetu?"

"Kulia... Labda picha imegeuka?"

"Mfuko wa shati la babu yako uko kushoto, kama wangu. Haijageuka. Zuhra, hilo gari si la Bagamoyo. Usukani wa kushoto uko ng'ambo ya mpaka wa Manyovu."

"Burundi? Babu?" Zuhra alikalia ndoo, kicheko kikamtoka. "Basi tumeshinda! Njoo umwambie mbele ya watu!"

"Siji."

"Eti nini?"

"Yule nataka awe mkwe wangu. Nikimvua nguo mbele ya majirani, nitakaaje mkekani kwake?"

"Na mimi je? Nichemshie wabishi chai mpaka nizeeke?"

"Nakupenda. Ila kwa hilo, hapana."

Zuhra alikata simu, machozi tele. Kumbe Bibi Kudra, mama yake Mzee, alikuwa nyuma ya mlango akichambua maharage.

"Kijana kakataa kumwaibisha baba yako?"

"Kakataa, bibi."

"Basi huyo ndiye."

Bibi alijikokota mpaka sebuleni, Zuhra nyuma yake. "Wageni, chai imekwisha!"

Wakatoka, ila masikio waliyaacha dirishani.

"Abdulrahmani, ndani ya gari hilo kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama. Kioo cheusi tu."

"Nimo mimi! Nimelala kiti cha nyuma, natapika, nina mimba yako. Tunatoka Bujumbura. Baba yako hakuwahi kuiona bahari."

Mzee akatafuta kiti kwa mkono. "Na Bagamoyo?"

"Aliogopa wenzako watakucheka shuleni. Akaokota Bagamoyo, nami nikanyamaza. Leo nimechoka. Yule wa Kibondo amelijua gari, akaona bora amkose Zuhra kuliko kukuaibisha. Mkwe gani tena unamtafuta?"

Mzee aliitazama picha mpaka Zuhra akaogopa.

"Mpigie huyo kijana," alisema hatimaye. "Weka spika."

Zuhra akapiga, akamwambia Ridhiwani kuwa baba anasikiliza.

"Shikamoo, mzee," Ridhiwani aliamkia.

"Marahaba. Nasikia umelijua gari la baba yangu."

"Ni... ni gari zuri, mzee."

Bibi Kudra aliangua kicheko, akapiga mapaja.

"Usinifiche, baba. Ni Pijo ya Bujumbura, mama kanieleza yote." Mzee alikohoa. "Ijumaa walete wazee wako tuongee. Na mama yako asikose. Huyu mama yangu ana miaka mingi hajapata mtu wa kusengenya naye Kirundi."