Cheti cha Yumna

Asubuhi Yumna hukaa jamvini akichambua karafuu, daftari la Kijerumani pajani. Anahangaika na maneno magumu wakati hata yale mepesi hajayashika.

Mumewe, Talib, anaoka mikate Ujerumani. Baada ya harusi waliishi pamoja wiki tatu tu. Ili Yumna amfuate, ubalozi unataka cheti cha Kijerumani. Mwaka sasa umepita, na mtihani wa B1, kiwango cha kati alichomchagulia mama yake, amefeli mara mbili.

"Utarudia B1 hiyo hiyo," alisema mama yake, Bi Mwatum, anayesomesha chuo cha Kurani hapo Mtambile. "Weye ulihitimu msahafu una miaka kumi. Leo niwaambie watu mwanangu kaishia A1, kiwango cha wanaoanza?"

"Mama, nimechoka. Na Talib kachoka kungoja."

Hapo aliingia jirani yao Masuma, binti wa mwenye duka. Yeye husomesha Kijerumani Unguja, na siku hizo alikuwa nyumbani likizoni.

"Yumna, cheti unakitakia nini?" aliuliza.

"Kumfuata mume wangu."

"Na karatasi ya ubalozi inasema kiwango gani?"

Mama na mwana wakatazamana. Karatasi ilikuwa kabatini, imekunjwa tangu siku ilipoletwa, haijasomwa. Yumna akaitoa. Imeandikwa A1.

"Mwaka mzima mnaikalia hii," Masuma alisema, kaudhika kweli. "A1 ni ya mwanzo: kujitambulisha, kununua vitu, kuuliza njia. Hufuata A2, B1, B2, kisha C1 na C2. Anayekwenda kusomea uuguzi anaweza kutakiwa B1 au B2. Kila safari ina masharti yake. Soma masharti kwanza, ndipo uchague mtihani."

"Watu watatucheka," alisema Bi Mwatum.

"Bi Mwatum, mtoto akija chuoni leo, hajui hata alif, utamwanzisha sura ya Yasini?"

"Hata. N'tamharibu."

Bi Mwatum aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akainama, akazivuta karafuu za Yumna azichambue yeye, mwanawe apate kusoma.

Yumna alisoma A1 kwa miezi mitatu. Alifaulu, na viza ikatoka. Siku ya kuondoka, mama yake alilia kwa furaha na kwa majuto ya mwaka ule uliopotea.

Wiki iliyofuata, jirani mmoja alimuuliza Bi Mwatum, "Eti Yumna Kijerumani kasoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mumewe," akajibu, akaendelea na karafuu zake.