Masikio ya Donge

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, naye hakuchukia. Alioka mikate katika chumba cha nyuma na kuiuza kwenye dirisha la mbele. Aliishi na binti yake wa pekee, mwanafunzi mwenye maswali mengi kuliko majibu ya mama yake.

Wifi yake alipohamia mbali, aliwaachia sungura. Aliondoka kwa haraka, na maelezo yakabaki nusu. Sungura mwenyewe alikuwa mdogo, wa kujaa mikono miwili, mwenye uso wa mviringo. Masikio yake hayakusimama. Yalining'inia mashavuni, moja huku na moja huku. Akikaa alifanana na donge la unga lililosahauliwa mezani, kwa hiyo wakamwita Donge.

"Mgeni siku mbili," alisema Mama Mikate siku ile. "Ya tatu mtafutie pa kwenda."

Siku ya tatu ilimkuta amekaa kitini, Donge amelala juu ya miguu yake, naye hathubutu hata kukohoa asije akamwamsha. Binti alicheka peke yake.

Jambo moja tu lilimkosesha mama raha. Sungura wote aliowajua, wa vitabuni na wa kweli, masikio yao yalisimama. Ya huyu yalilala. Kwake hiyo ilikuwa huzuni tupu.

"Anamkumbuka wifi," alisema. "Tazama alivyojiinamia."

Akampa kipande cha mkate wa moto. Donge alikitafuna chote. Kesho yake akampa viwili. Masikio hayakuinuka, kwa hiyo akaongeza na biskuti.

"Mama, shangazi alisema nyasi kavu zisikose," binti alimkumbusha. "Na zimeisha."

"Mkate una kasoro gani? Wewe umekua kwa mkate, na hujambo."

Binti akarudi kwenye daftari lake. Kubishana na mwoka mikate kuhusu mkate si kazi rahisi.

Asubuhi moja Donge hakuja mbio kwenye sahani. Alikuwa pembeni, amejikunja, macho nusu wazi. Mkate wa jana jioni ulikuwa palepale. Mama Mikate alimgusa mgongo. Aliona amepoa.

"Baridi hiyo," alijiambia. Akambeba, akamweka kando ya tanuri, akaendelea kukanda. Wateja walikuwa wengi. Kila alipogeuka, Donge alikuwa hajasogea.

Binti aliporudi kutoka shule, alimkuta sungura anahema haraka na kusaga meno. Alikimbilia sanduku alimolala Donge, akapekua matandiko.

"Mama, hajanya."

"Unasema nini?"

"Tangu jana. Hakuna hata punje moja. Na sahani haijaguswa."

Mama Mikate aliacha mkate ndani ya tanuri. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo tangu aanze kazi. Alizima moto, akamweka Donge ndani ya kikapu, akatoka na unga mikononi.

Daktari wa wanyama, mwanamke mpole aliyenunua mkate dirishani karibu kila siku, alikuwa anafunga mlango wa zahanati yake. Alitazama ndani ya kikapu, akafungua tena bila kuuliza bei wala saa.

"Mmefanya vizuri kuja leo," alisema huku akilibonyeza tumbo la Donge polepole. "Sungura asipokula nusu siku tu, hiyo ni dharura. Tumbo lake ni kama baiskeli. Ikisimama, inaanguka. Anakula nini?"

Binti alimtazama mama. Mama alitazama viganja vyake vyeupe.

"Mkate," alisema mwishowe. "Na biskuti. Nilimlisha mimi mwenyewe."

"Na nyasi kavu?"

"Ziliisha. Daktari, alikuwa na huzuni. Masikio yamelala tangu aje. Nilitaka kumchangamsha."

Daktari aliinua kichwa. Hakucheka.

"Mama, hii ndiyo aina yake. Kuna sungura wadogo ambao masikio yao hulala hivi. Akifurahi yatalala, akikasirika yatalala. Huzuni haipo hapo. Ukitaka kujua hali yake, tazama sahani na tazama kinyesi."

"Mbona hakulia? Angelia ningejua."

"Sungura huficha maumivu. Porini, anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza. Akijikunja pembeni na kusaga meno kwa nguvu, hapo anakulilia."

Mama Mikate alikaa kwenye benchi. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Atapona?"

"Sina ahadi. Tumbo limejaa gesi, lakini sioni dalili ya kuziba. Tutajaribu."

Daktari alimchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kuamsha tumbo. Akamtia maji chini ya ngozi kwa sindano. Kisha akalainisha chakula maalumu, akakitia kwenye bomba la sindano lisilo na ncha, akamwonyesha binti jinsi ya kukipitisha pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, na kumwacha ameze.

"Msimweke kando ya tanuri tena," alisema. "Joto kali linaweza kumuua. Apate mahali penye hewa, na atembee akiweza. Nyasi kavu ziwe mbele yake mchana na usiku, fungu la ukubwa wa mwili wake kila siku. Zinasukuma tumbo na kupunguza meno, maana meno yake hayaachi kukua. Majani mabichi mwongezee taratibu akishapona. Karoti ni tamutamu, kipande kidogo tu. Maji safi yasikose. Mkate, hapana."

"Hata ukoko?"

"Hata ukoko, Mama Mikate."

Aliwaonyesha pia jinsi ya kumbeba Donge: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Kamwe si kwa masikio. Na kwa kuwa masikio yaliyolala hayapitishi hewa vizuri, yafunuliwe kila wiki, yatazamwe, yanuswe. Wakiona uchafu mwingi au harufu mbaya, wamlete. Wasiingize kijiti.

Jioni ile dirisha la mikate halikufunguliwa. Wateja waligonga, wakaondoka wakinung'unika. Ndani, mama alimshika Donge na binti akamlisha. Chakula kingine kilimwagika. Kingine alikimeza. Walisubiri, wakamlisha tena. Mama alisema jambo moja tu.

"Uliniambia, mwanangu. Sikukusikia."

Binti alimlalia begani.

Alfajiri, mama aliinua matandiko kwa woga. Hapo chini palikuwa na vipunje vidogo, vikavu, vya mviringo. Alivihesabu, akamwamsha binti avihesabu na yeye. Baadaye, katika nyasi kavu walizopewa na daktari, Donge alivuta unyasi mmoja, akautafuna hadi mwisho. Mama Mikate alilia kwa sauti, safari hii kwa furaha.

Tangu hapo gunia la nyasi kavu likapata nafasi yake nyumbani, mbali na joto la tanuri. Binti alisafisha sanduku kila siku na kuangalia kinyesi. Donge akapona, manyoya yakang'aa.

Halafu, adhuhuri moja, Mama Mikate alimpigia daktari simu.

"Daktari, Donge amerukwa na akili. Anakimbia chumba kizima, anaruka juu, anajipinda hewani, anatupa miguu pembeni. Nimlete?"

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Kinyesi?"

"Kipo kingi, kizuri."

Daktari alicheka taratibu.

"Basi mwache, mama. Sungura akifurahi ndivyo anavyofanya."

Mama Mikate alikaa sakafuni, simu bado sikioni, akamtazama Donge akiruka tena.