Aluoch Hajapotea

Kila Jumamosi asubuhi, Chepkorir alikuwa akifua sare yake ya shule, kisha akienda kuchota maji pamoja na rafiki yake Aluoch. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Waliishi katika ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Kimumu, mjini Eldoret. Mama yake Aluoch, Seline, alikuwa fundi wa nguo. Alipomaliza gauni zuri, alilipiga video na kuiweka mtandaoni ili wateja wapya waone kazi yake.

Jumamosi moja Aluoch alikuja bila ndoo. 

"Nimeunguza gauni la mteja kwa pasi," alisema. "La harusi! Mama ameenda mjini kununua nyuzi. Akirudi ataniua."

"Mwambie tu ukweli."

"Wewe humjui mama. Nitajificha shambani hadi jioni. Akinikosa siku nzima, akiniona atafurahi, hata gauni hatalikumbuka. Lakini usimwambie mtu. Niahidi."

Chepkorir aliahidi. Nyuma ya mtaa kulikuwa na shamba la mahindi yaliyokwisha kukatwa. Mabua yalikuwa yamesimamishwa kwa miganda mikubwa, kama inavyofanywa kila msimu wa mavuno, na ndani ya kila mganda mlikuwa na nafasi ya kumtosha mtoto. Aluoch aliingia katika mganda uliokuwa karibu na ua, akatulia.

Seline alirudi adhuhuri. Aliliona gauni lililoungua, akamwita binti yake. Aliita tena. Alipokosa jibu, hasira yake iligeuka hofu. Jirani yake, Mama Rosebella, muuza mboga, alituma picha ya Aluoch kwenye kundi la simu la mtaa. Haukupita muda, waendeshaji wa bodaboda wakaacha abiria stejini, kituo chao, na kusambaa vichochoroni. Wanariadha wa Kocha Kipyego, ambao hufanya mazoezi katika barabara za Kimumu, waliacha kupumzika wakajiunga na msako. Seline alitembea miguu mitupu katikati yao, akiita jina la mwanawe hadi sauti ikakauka.

Chepkorir aliyaona hayo yote. Alikosa hamu ya chakula. Mara mbili alimkaribia Seline ili aseme, na mara mbili aliikumbuka ahadi yake akarudi nyuma.

Kwenye bomba la maji alimkuta Jerop, mwanafunzi mwenzao, akilia. Chepkorir alimwonea huruma.

"Usilie," alimnong'oneza. "Aluoch hajapotea. Ni mchezo tu."

Jerop alimwambia mama yake. Mama yake akamwambia jirani. Alasiri Chepkorir alipopita kwenye kibanda cha Mama Rosebella, aliyasikia maneno yake mwenyewe, lakini yalikuwa yameongezwa mengine.

"Mtoto hajapotea!" Mama Rosebella alimwambia mteja. "Mamake ndiye amemficha."

"Amfiche kwa nini?"

"Si anatafuta kiki, ajulikane? Video za magauni hazikutosha. Sasa mtaa mzima unamjua."

"Na mimi nimemaliza petroli yangu bure!" alifoka Vincent, mwendeshaji wa bodaboda. "Huyo mtoto akionekana, yeye na mamake watatueleza vizuri."

Vincent na wenzake waliendelea kufoka hivyo walipopita kando ya shamba, wakirudi stejini. Wanariadha nao walikwenda zao. Wanawake wawili walifika kwa Seline kudai vitambaa walivyokuwa wamempa awashonee.

"Chukueni, kina mama," Seline aliwaambia. "Lakini nisaidieni kumtafuta mtoto."

Mmoja wao alicheka.

Chepkorir hakuweza kustahimili zaidi. Alikimbia hadi shambani, akayatenganisha mabua.

"Aluoch, toka! Mambo yameharibika!"

Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na kandambili moja tu ya bluu ya Aluoch. Aliita huku na huku bila kujibiwa. Mawingu yalikuwa yametanda, na matone ya kwanza ya mvua ya baridi yalianza kuanguka.

Alikimbia hadi stejini akiwa ameishika kandambili ile. Seline alikuwepo, akiwasihi waendeshaji.

"Aluoch amepotea!" Chepkorir alipaza sauti. "Amepotea kweli!"

Watu waliangua kicheko.

"Sinema sehemu ya pili!" Vincent alisema. "Mwambie fundi kwamba ya kwanza tumeshaitazama."

"Mama Aluoch hajui lolote!" Chepkorir alisema huku akilia. "Mimi ndiye niliyejua. Alijificha shambani kwa sababu ya gauni. Mimi ndiye niliyesema ni mchezo. Nimekwenda kumtoa na hayupo."

Kicheko kilikoma. Seline aliichukua kandambili, akaigeuza mikononi. Chepkorir alitamani agombezwe, lakini Seline hakumtazama.

Kocha Kipyego, aliyekuwa amesimama dukani na wanariadha wake kukwepa mvua, alisogea mbele.

"Kama ni uongo, tutakuwa tumekimbia bure," alisema. "Kukimbia ni kazi yetu. Twendeni."

Wanariadha walijipanga mstari mmoja, wakalivuka shamba lote hatua kwa hatua. Vincent na wenzake waliwafuata. Walimpata Aluoch ndani ya mtaro, mbali na maficho yake, akiwa amelowa na kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa amewasikia waendeshaji wakimtisha, akakimbia kwa hofu na kutumbukia. Alikuwa ameita sana, lakini watu walikuwa wameacha kumtafuta.

Kocha alimbeba hadi kwa mama yake.

"Mama, gauni..." Aluoch alianza.

"Nyamaza. Nitashona lingine."

Mama Rosebella alileta blanketi. "Nisamehe, Mama Aluoch."

"Uvumi ulipoenea nilikuita unisaidie," Seline alimjibu, "ukageuza uso." Hata hivyo, alilipokea blanketi. Vincent aliinamisha kichwa, kisha akawasha pikipiki ili awapeleke hospitali.

Kesho yake, baada ya ibada, Chepkorir aliketi na mama yake.

"Nilitaka kutunza siri ya rafiki yangu," alisema.

"Siri inayomliza mama wa mtu haistahili kutunzwa," mama yake alimjibu. "Ulipomwona Seline akitembea miguu mitupu, hapo ndipo ulipaswa kusema. Jambo kama hilo mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, usimnong'oneze mtoto mwenzako. Sisi wakubwa nasi tulikosea. Tulisikia neno, hatukuuliza limetoka wapi, tukamhukumu mtu aliyekuwa akilia mbele yetu."

"Mama Aluoch atanisamehe?"

"Hilo utamwuliza mwenyewe. Wale wanawake waliochukua vitambaa, walikuwepo stejini uliposema ukweli?"

"Hapana, mama."

"Basi vaa viatu," mama yake alisema akiinuka. "Tutaanza kwao."