Modemu Ilisema Saa Ngapi

Jumanne saa sita mchana, tangi la kitalu cha kahawa cha kikundi, huko miteremkoni mwa Meru, lilikutwa tupu. Miche elfu mbili ilikuwa imelegea kama mchicha wa jana. Kifaa cha tangini, ambacho hutuma ujumbe maji yakipungua, hakikutuma neno. Laini yake ilikuwa imechomolewa.

Lawama zilimwangukia Eliud, mlinzi wa usiku. Katibu Sylvanus aliwasomea wanachama kumbukumbu za kifaa: kila dakika tano kidhibiti chake huitumia modemu, sehemu inayobeba laini, amri, AT+CPIN?, kuuliza kama laini ipo, nayo hujibu READY. Saa 04:05 jibu liligeuka ERROR. Hiyo ni saa kumi alfajiri, na alfajiri funguo ziko kwa Eliud. Ijumaa angefukuzwa kazi.

Alhamisi mwenyekiti, Mama Aikande, akamwita Pudensiana, fundi wa simu wa Kimandolu asiyeamini maneno ya kusikia. Aliwahoji mmoja mmoja. Eliud alisema alikabidhi funguo saa kumi na mbili asubuhi, tangi limejaa. Sylvanus alijieleza kabla hata ya kuulizwa: alfajiri alikuwa amelala kwake, alifika saa tatu, akakaa peke yake na funguo mpaka saa sita alipofunua tangi.

Pudensiana aliunga waya kwenye kompyuta, akaandika AT. Modemu ikajibu OK. Akaandika AT+CCLK?, kuiuliza saa. Ikajibu 08:30. Simu yake ilionyesha 14:30, saa nane na nusu mchana. Akacheka kimoyomoyo.

"Mama, nani aliiwekea saa hii?"

"Mimi, mwanangu. Fundi alinipa niandike. Ilikuwa saa tatu, nikaandika tatu. Nimekosea?"

"Modemu yako inasema Kiswahili, Mama. Hiyo 04:05 ni saa nne na dakika tano asubuhi."

Wote wakamgeukia Sylvanus. Alikwisha kujifunga kwa ulimi wake. Akakiri: nyanya zake bondeni zilikuwa zinakauka, akazifungulia maji na kuchomoa laini ili mwenyekiti asijue. Kosa la saa lilipomwangukia Eliud, alilipokea kama zawadi.

"Ungeomba tu," Mama Aikande alisema kwa uchungu.

Sylvanus akamwomba Eliud radhi. Eliud akatikisa kichwa.

"Kaseme nyumbani kwangu. Siku ya pili hii mke wangu Lilian ananiwekea chakula bila kunitazama."

Wakateremka wote. Mlangoni, Sylvanus alilieleza kosa lake mpaka mwisho. Lilian alimsikiliza, kisha akamtazama mumewe usoni, akamuuliza kama amekula.