Mshale Uliomwelekea Gesche

— Hebu tuambie, leo tunakimbia kiasi gani? mzee Momme, abiria mwenzao wa meza moja, aliuliza huku akijaza sukari kwenye kahawa yake.

Swali lilikuwa la Eggert kujibu, lakini Eggert alikuwa bado kwenye foleni ya keki. Kwa hiyo Wiebke akanyoosha mkono akakichukua kile kifaa mwenyewe.

Kilikuwa dirishani kama kawaida, kimeegemezwa kwenye kikopo cha sukari ili kione mbingu vizuri. GPS ya mkononi, ya rangi ya manjano, ile wanayotembea nayo wapanda milima na wenye vimashua. Tangu meli itoke Hamburg kwenda Norwe, kifaa hicho kilikuwa kama mgeni wa nne mezani. Eggert alikwenda nacho kifungua kinywa, alikwenda nacho kwenye tamasha la piano, na kila akipanda lifti kikapoteza setilaiti alinuna mpaka mlango ufunguke. Wiebke alikuwa amemwambia mapema kwamba kila korido ina skrini kubwa inayoonyesha meli ilipo, bure, kwa watu wote. Eggert akajibu kwamba skrini ni ya wavivu.

Basi akamwacha. Wanaume wakifika miaka sitini na kitu kila mmoja anapata ugonjwa wake. Kuna wanaonunua pikipiki, kuna wanaokimbizana na wasichana. Wa kwake anahesabu setilaiti. Wiebke aliona amepata nafuu.

Alibonyeza kitufe akitafuta ukurasa wa mwendo. Haukuja wa mwendo, ukaja wa mshale. Mshale ulielekea mbele, upande wa kushoto wa meli, na juu yake paliandikwa jina kwa herufi kubwa: GESCHE. Kilomita thelathini na nane. Akakodoa macho, ikawa thelathini na saba na nukta tisa.

Gesche alikuwa mke wa Eggert. Alikufa kwa saratani miaka minne iliyopita, akachomwa, na majivu yake yakashushwa baharini nje ya mji wa Büsum, kama wanavyofanya wengi wa pwani ile. Nahodha anateremsha chombo cha majivu kwa kamba, kengele inapigwa, mashua inazunguka pale mara moja, kisha familia inapewa namba za mahali penyewe. Kule kwao anayetaka udongo ana kaburi, na anayetaka bahari ana namba.

Hilo Wiebke alilijua. Asichokijua ni kile alichokiona alipobonyeza tena na ramani ikafunguka. Mahali pale palikuwa na vibendera viwili, vimebanana. Kimoja Gesche. Cha pili kimeandikwa EGGERT.

— Kinasemaje? Momme aliuliza.

— Kinasema tunakwenda vizuri, Wiebke alijibu. Akakirudisha kwenye sukari, akasema kichwa kinamgonga, akaondoka.

Sasa ieleweke mambo yalikuwa yamefika wapi. Wiebke alikuwa amekwisha kumpa notisi mwenye nyumba wake mjini Husum. Mwisho wa mwezi anahamia kwa Eggert, na makabati yake mawili yamekwisha kutangulia. Pete ipo. Alijua ipo kwa sababu dada yake, Antje, ndiye aliyempelekea Eggert kipimo cha kidole, na Antje hajawahi kutunza siri tangu azaliwe. Ilitakiwa itoke wakati wa safari. Milima yote ya Norwe ilipita, maporomoko yakapita, pete haikutoka. Leo ndiyo siku ya mwisho, kesho asubuhi wanashuka Hamburg.

Alipofika kwenye korido simu ilikuwa imenasa mtandao wa kisiwa cha Helgoland, na ujumbe wa Antje ulikuwa unamsubiri.

"Vipi, pete imetoka? Au anasubiri mpaka mshushe mizigo?"

Wiebke akaandika: "Bado. Kuna mwanamke mwingine."

"NANI HUYO"

"Gesche."

Antje akaandika: "Dada, Gesche amekufa."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kumfukuza."

Akazima simu.

Chumbani ndipo akili ilipomfunguka zaidi. Chumba chao kilikuwa upande wa kushoto, chenye roshani. Wakati wa kununua tiketi Eggert aligombana na watu wa ofisi mpaka akapewa hicho, na Wiebke akawatangazia wanawake wote wa kwaya kwamba mtu wake ana mapenzi ya kizamani, amehangaikia roshani. Walipokuwa wanapanda kaskazini, milima yote ilikuwa kulia. Wenzao wanapiga picha, wao wawili wamekaa wanatazama maji matupu, na yeye akajiambia kwamba hata maji matupu ni mazuri ukiwa na mtu. Kumbe roshani haikuwa ya kwenda. Ilikuwa ya kurudi. Wakirudi, kushoto ndiko Büsum iliko.

Alijisikia mjinga, na kuliko vyote hicho ndicho kilichomuuma.

Baada ya nusu saa Eggert akaja na sinia: kahawa, vipande viwili vya keki ya tufaha, na dawa ya kichwa. GPS ilikuwa mfukoni mwa shati.

— Bado kilomita ngapi? Wiebke aliuliza kutoka roshani, bila kugeuka.

— Kutoka wapi?

— Kutoka kwa mkeo.

Eggert akaweka sinia chini. Hakukana, na tumpe haki yake kwa hilo, maana wengi wangeanza kusema ni jina la mwamba. Akavuta kiti akaeleza. Alisema majira yote ya baridi alikuwa anapima kwenye ramani za bahari. Meli kubwa haiwezi kupasogelea, maji ya kule hayana kina, lakini jioni hii, kabla ya chakula, watapita usawa wa pale. Alitaka asimame nje peke yake, amwambie Gesche kwamba anaoa. Kisha ashuke mezani, atoe pete. Basi. Alishindwa kuitoa pete Norwe kwa sababu aliona si vizuri Gesche awe wa mwisho kujua.

— Yaani ulikuwa unakwenda kuomba ruhusa.

— Si ruhusa. Taarifa.

— Na akikataa?

— Amekufa, Wiebke.

— Kila mtu leo ananikumbusha hilo.

Upepo ulikuwa unapeperusha vitambaa vya karatasi kutoka kwenye sinia. Eggert akaviokota kimoja kimoja, akavikalia. Wiebke akamwuliza kwa nini alificha, wako pamoja mwaka wa pili sasa, kuna nini cha kuficha. Eggert akasema siku ile ya kwanza kabisa, pale kwenye duka la keki, yeye Wiebke alitamka kwa kinywa chake kwamba hataki mwanaume ambaye bado anazungumza na marehemu. Na yeye alimtaka huyu mwanamke. Kwa hiyo akawa anazungumza kimyakimya.

Wiebke aliliacha hilo. Akarukia la pili.

— Na kile kibendera kingine? Chenye jina lako?

Eggert alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

— Gesche alipokuwa anaumwa tuliandikisha wote wawili. Mahali pamoja. Aliogopa kukaa peke yake kule chini. Nilimwahidi.

— Na bado umemwahidi.

— Ahadi uliyompa mtu anayekufa haivunjwi.

Hapo ndipo Wiebke alipogeuka. Hakupandisha sauti. Watu wa kule wakikasirika kweli sauti inashuka, na ya kwake ilishuka mpaka Eggert akalazimika kuinama ili asikie.

— Basi niambie mimi ni nani hapa. Nihame nyumba yangu. Nikufulie soksi, nikupeleke hospitali, nikukumbushe vidonge. Nikushike mkono unapokata roho. Halafu nikukabidhi kwa mwenye mali. Hiyo ndiyo kazi unayonipa? Mimi ni yaya wa mume wa mtu?

Eggert akakata kipande cha keki kwa uma, akakitazama, akakiacha. Alikuwa mtu mpole, na wapole wana kawaida mbaya ya kukaa na jambo miaka halafu kulitoa siku moja likiwa zima.

— Jiwe la Harm limeandikwaje? aliuliza.

— Harm ameingiaje hapa?

— Nakuuliza tu. Limeandikwaje?

Harm alikuwa mume wa Wiebke, amelala makaburini Husum, kwenye kaburi la watu wawili. Alipokufa fundi wa mawe alishauri, kama wanavyoshauri wote, kwamba majina yote mawili yachongwe siku moja, herufi zifanane. Wiebke akakubali, kila mtu mtaani kwao hufanya hivyo. Kwa hiyo juu pana Harm, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Chini yake pana Wiebke, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi iliyosuguliwa ikang'aa, inasubiri.

— Kila Jumamosi nabeba kopo la maji, Eggert alisema. Mgongo wangu unaujua ulivyo. Kila majira nang'oa maua ya zamani napanda mapya. Napiga magoti mbele ya jina lako, Wiebke, nalisafisha kwa mswaki, kwa sababu kuvu linaingia kwenye herufi. Jina lako limelala chini ya mwanaume mwingine, na mimi ndiye namwagilia begonia juu yenu. Ulishanisikia nikiuliza mimi ni nani?

Mungu shahidi, Wiebke alikuwa hajawahi kuliona hivyo. Alilipita jina lile mara nyingi kiasi kwamba alikuwa analisoma kama mtu anavyosoma jina lake kwenye kengele ya mlango, yaani halisomi. Na huyu mtu alikuwa analisugua.

Alitaka aendelee kukasirika. Alijaribu hata kidogo, akasema kwamba jiwe ni jiwe, halipigi hesabu ya kilomita. Maneno yakatoka mepesi, na wote wawili wakayasikia yalivyo mepesi.

— Kwa nini hukusema? aliuliza mwishowe.

— Ningesema nini? Nikwambie ulifute? Uliishi naye miaka thelathini.

— Eggert, mimi naye huwa tunaongea. Harm. Wewe ukienda kujaza kopo bombani, namweleza habari za wiki. Ile siku kwenye duka la keki nilisema vile kwa sababu niliogopa utaona mimi ni kichaa.

— Najua mnaongea. Huwa nachelewa bombani makusudi.

Wiebke akakaa. Akanywa kahawa ya Eggert, ya kwake ikiwa pale pale. Machozi yalikuja akayaacha yaje, akajifuta kwa kile kitambaa cha karatasi kilichokuwa kimekaliwa. Kwenye roshani ya jirani mtu alikuwa anakunja taulo na kulalamika kwamba likizo ni fupi.

— Kwa hiyo mwisho wa yote, alisema, wewe unarudi kwako na mimi narudi kwangu.

— Ndiyo.

— Hatutalala pamoja.

— Huko hapana. Eggert aliingiza mkono mfukoni, akatoa kijisanduku, akakiweka kati ya vikombe. — Nina hapa katikati tu, Wiebke. Sina kingine cha kukupa. Sijui ni mingi au michache, hiyo miaka. Nataka iwe yako yote. Utanikubali?

Wiebke alikitazama kijisanduku, hakukigusa.

— Sitakujibu, alisema. Sitakujibu mpaka nizungumze naye.

— Na nani?

— Tupo usawa wake sasa hivi au bado?

Eggert akatoa kifaa mfukoni, akakiinua juu ya ukingo kipate mbingu. Akasubiri. Kisha akanyoosha mkono moja kwa moja mbele yao, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa maji ya kijivu na shakwe wawili. Kilomita kumi na mbili, alisema, na kuanzia hapa zinaongezeka.

Wiebke akasimama. Akafunga vifungo vya sweta, akazirudisha nywele nyuma ya masikio, maana hata hivyo anakutana na mtu kwa mara ya kwanza. Akashika ukingo kwa mikono miwili. Eggert alitaka kusema neno, akamzuia.

— Gesche, alisema kwa sauti ya kawaida. Mimi naitwa Wiebke. Nimekubali kuolewa na Eggert. Nitahakikisha analetwa hapo ulipo kama mlivyokubaliana, usiwe na wasiwasi, nitakuja naye mwenyewe.

Nyuma yake alimsikia Eggert anavuta pumzi. Hakugeuka, alikuwa bado hajamaliza.

— Ila nakuomba, usimwite mapema. Ndiyo kwanza nimempata.