Sungura wa Raghda na Ufunguo wa Stoo

Kila asubuhi kabla ya shule, Raghda alipanda hadi juu ya paa la jengo lao akiwa na fungu la majani mabichi. Huko bibi yake, Bibi Insaf, alifuga sungura kwenye vizimba vya mbao, kama walivyofanya majirani wengi mjini kwao. Raghda aliwalisha, akawabadilishia maji, kisha akakaa kidogo na Fulla, sungura mweupe aliyemlea mwenyewe tangu akiwa kitoto asiye na mama. Hata siku za baridi kali hakuilalamikia kazi hiyo.

Jumamosi moja, wakila maharage kwa mkate, baba yake alimwambia Bibi, "Mama, chuo kinataka sungura sita kesho kutwa. Wanafunzi wanajifunza kupasua na kushona." Baba, Bwana Shawki, alikuwa mtunza stoo wa chuo cha udaktari.

"Watarudi?" Raghda aliuliza.

"Wanalazwa kwa dawa, hawasikii maumivu. Lakini hawarudi."

"Chukua wa kizimba cha kushoto," Bibi alisema. Fulla alikuwa kwenye kizimba cha kushoto.

Tangu hapo Raghda hakutulia. Jumapili, siku ya kwanza ya juma la shule kwao, darasani aliandika majibu ya hesabu kwenye daftari la sayansi, akafuta, akakosea tena. Alipotoka shule alikutana ngazini na Mirhan, jirani wa ghorofa ya tatu. Mirhan alikuwa mwaka wa tatu tu katika chuo hicho hicho cha udaktari, lakini jengo zima lilimwita daktari tangu siku alipopokelewa.

"Daktari, hivi mnajifunza nini kwa sungura?"

Mirhan aliweka mkoba chini. "Nikuambie ukweli? Mwezi uliopita tulikuwa kumi na wawili kwenye meza moja. Mmoja ndiye aliyeshika kisu. Mimi niliona kisogo cha mwenzangu, naweza hata kukuchorea. Sungura akafa, sisi tukaenda kula." Hakucheka. "Wanasema mwaka juzi iliagizwa mikono ya mpira na matumbo ya mpira. Unashona, unafumua, unashona tena mpaka mkono wako uzoee. Ila hakuna aliyeviona."

Raghda alikuwa ameviona. Wakati wa likizo alimpelekea baba chakula stoo, akakuta maboksi yenye picha za mikono na matumbo yamepangwa hadi darini, utepe wake haujakatwa. Baba alijisifu kabisa: "Hivi vyote ni dhamana yangu. Nimetia saini kimoja kimoja." Kikivunjika kimoja, yeye ndiye angeitwa kwenye uchunguzi. Kwa hiyo alivifungia, na walimu walipochoka kuuliza, wakarudi kwa sungura. Raghda aliona aibu. Aliyewafungia wanafunzi vile vifaa alikuwa baba yake mwenyewe.

Kumwambia baba aliogopa, na uongo ulikuwa karibu. Alipanda mbio juu ya paa, akamficha Fulla ndani ya pipa tupu nyuma ya madishi ya televisheni, kisha akashuka akilia. "Bibi, kicheche kamchukua Fulla."

Bibi alipanda taratibu, baba nyuma yake. Alikitazama kizimba juu hadi chini.

"Vicheche vya siku hizi vina adabu," alisema. "Kimekula sungura, hakikudondosha hata unyoya, halafu kikafunga komeo kikaenda zake."

Ndani ya pipa kitu kikakwaruza. Baba akamtoa Fulla, akamkabidhi Raghda. "Ukimficha huyu, nitachukua mwingine. Sita ni sita."

Raghda aliwatazama wale wengine waliokuwa wakitafuna bila habari. Hakuwa amewafikiria hata mara moja. Akajikaza. "Baba, na ile mikono ya mpira iliyo stoo?"

"Nani kakwambia?"

"Niliyaona maboksi mwenyewe. Mirhan anasema wanafunzi wangejifunza kwa mikono hiyo."

"Mirhan ataitwa kwenye uchunguzi ikichanika? Miaka ishirini na miwili hakijapotea stoo hata kijiko."

"Hakijapotea, Baba. Lakini wala hakijatumika."

Baba alishuka ngazi.

Bibi aliwaita sebuleni wanywe chai. Akafungua kabati la vioo na kutoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vile vya harusi yake. Raghda alivifuta vumbi kila Alhamisi, ila hakuna mtu aliyewahi kuvinywea. Baba alipokea chake kwa mikono miwili.

"Mama, vitavunjika."

"Nimevilinda miaka arobaini na sita," Bibi alisema. "Baba yako amekufa hajanywa humu hata chai moja. Kunywa, mwanangu."

Baba alikitazama kikombe. Kisha akanywa, polepole, hadi mwisho.

Jumatatu aliondoka na ufunguo bila sungura. Alasiri Mirhan aligonga mlango, vidole vimechomwachomwa na sindano. "Nimeshona mara kumi na moja, ami. Na mwalimu ametangaza, mazoezi ya kushona hayatafanywa tena kwa wanyama hai." Akainamisha macho. "Ila mkono mmoja nimeuchana."

Baba aliketi mezani akaandika taarifa yake: *Umechanika kwa kutumika.* Akamsomea Raghda, kisha akasema, "Uongo wako ulificha sungura mmoja, na hata huyo tulimpata. Ukweli ulioniambia umewafaa wote sita, na wanafunzi pia. Siku nyingine anza na ukweli, hata kama mwenye kosa ni mimi. Nami nimejifunza kwamba kukifungia kitu si kukitunza."

Jioni Raghda aliosha vikombe vya Bibi. Kimoja kikamponyoka, ukingo wake wa dhahabu ukapasuka. Alisimama akikitazama. Kisha akakichukua, akaenda nacho sebuleni.

"Bibi, nimekivunja mimi."

"Si kicheche?"

"Mimi, Bibi."

Bibi alikigeuza kwenye mwanga, akamrudishia. "Kioshe uniletee chai. Bado kinashika maji."