Siku Mama Alipovua Pete ya Pua

Nyumbani kwetu, mjini Arraiján, siku huanza na kakao. Bibi anakoroga sufuria, mimi namenya ndizi, Baba anatafuta viatu vyake. Mama anakaa mlangoni penye mwanga, anashona mola, kitambaa cha mapambo cha kwetu Waguna. Anapachika kitambaa chekundu juu ya cheusi, anakata, anakunja ukingo, anashona. Jioni unaona picha ya kasa imetokea, au ya kaa wa pwani.

Asubuhi ile Mama hakushona. Alikaa tu, karatasi ya hospitali mapajani.

Dada yake, mama mkubwa Elvia, alifariki kwa saratani ya titi. Kwa sababu hiyo Mama hupimwa kila mwaka. Mwaka huu eksirei ya titi haikuonyesha kitu. Altrasaundi nayo haikuonyesha kitu. Kipimo cha MRI ndicho kilichoona doa kwenye titi la kushoto, dogo kama punje ya mchele. Daktari akasema lazima wachukue vinyama kwa sindano wavipime. Na kwa kuwa doa linaonekana kwa MRI peke yake, sindano nayo itaongozwa na MRI.

Tulikuwa tumekwenda hospitali jana yake. Mtaalamu wa mashine alimtazama Mama usoni.

"Mama, hiyo pete ya puani itoke."

"Haitoki. Ninayo tangu sijajua kutembea."

"Basi siwezi kukuingiza."

Mama akavaa blauzi yake. "Damaris, twende," akaniambia.

Sasa, asubuhi hii, Bibi peke yake ndiye aliyefurahi.

"Umefanya vizuri," alisema huku akimimina kakao. "Bila dhahabu puani ungefanana na mumeo."

"Mimi nina kosa gani?" Baba akauliza.

Kabla hajajibiwa, Nelva akaingia. Nelva ni Mguna mwenzetu, muuguzi wa hospitali ile ile, na nyumba yake iko nyuma ya yetu. Alikuwa bado na viatu vya kazi.

"Dada Otilda, nasikia umewakimbia."

"Sikukimbia. Nilitembea."

Nelva alicheka, akavuta kigoda. "Ile mashine ni sumaku kubwa, dada. Inavuta chuma kwa nguvu."

"Dhahabu haivutwi na sumaku," Baba akasema.

"Dhahabu tupu haivutwi. Una hakika mfua dhahabu aliweka dhahabu tupu?"

Baba akamtazama Bibi. Bibi akatazama sufuria.

"Aliapa ni safi," Bibi akasema polepole.

"Hata ikiwa safi, inaweza kupata moto ikamchoma. Ndiyo maana kila kitu cha madini kinavuliwa. Na mwenye chuma mwilini, au kifaa cha moyo, lazima aseme mapema."

Mama aliinua macho. "Watu wanasema titi likichomwa sindano, ugonjwa unaamka."

"Hauamki. Doa liko pale, uchomwe usichomwe. Madoa mengi ya namna hiyo si saratani. Lakini kwa kutazama picha tu hatuwezi kujua."

"Wananifanya nini huko ndani?"

"Unalala kifudifudi. Matiti yanapita kwenye matundu ya kitanda. Titi moja linabanwa kidogo na vibao lisicheze. Wanapiga picha, wanakupa dawa kwenye mshipa wa mkono ili doa lionekane. Kisha kitanda kinatoka nje, unachomwa ganzi, sindano inapitishwa. Wanakurudisha ndani kuona kama imefika mahali pake. Ikifika, wanachukua vinyama."

"Na kelele zile?"

"Kama watu wanagonga mabati. Utapewa vizibo vya masikio, na kitufe mkononi cha kuwaita. Kazi yako ni kutotikisika. Karibu saa nzima. Wewe unayeinamia mola kutwa, utashindwa?"

Mama akatabasamu kidogo.

"Mwisho wanaacha kichuma kidogo sana ndani ya titi," Nelva akaendelea, "kuonyesha mahali walipochukua."

Bibi akaweka mwiko chini. "Mnamsikia? Wanavua dhahabu, wanatia bati!"

Tulicheka wote, hata Mama. Nelva alijifuta machozi.

"Bibi wewe! Kichuma hicho hakivutwi na sumaku wala hakimsumbui mtu. Kinamsaidia daktari mwaka kesho ajue hapa tulishapima." Akamgeukia Mama. "Kuna dawa unayotumia?"

"Hakuna."

Mimi humwona akimeza kidonge kila asubuhi. "Mama, na ile aspirini?"

"Ile si dawa, ni ya magoti tu."

"Ni dawa," Nelva akasema, "na inafanya damu ichelewe kuganda. Usiiache mwenyewe, na usiifiche. Mpigie daktari, yeye ndiye atakayekuambia la kufanya. Mwambie pia kama una mimba, mzio, au ugonjwa wa figo."

"Mimba!" Bibi akasema. "Kwa magoti yale?"

Mama hakucheka safari hii. Aliikunja ile karatasi mara mbili.

"Elvia alisubiri sherehe ipite ndipo apimwe," alisema. "Kisha akasubiri nyingine. Baba Damaris, lete koleo."

Baba alileta koleo, akaisogeza puani, akairudisha nyuma. Bibi akamnyang'anya.

"Niliitia mimi. Nitaitoa mimi."

Akapaka mafuta ya nazi, akaifungua pete kidogo kidogo. Ilipotoka, aliifunga ndani ya leso yake, akampapasa Mama shavu. "Hufanani na mumeo," akasema.

Mama alipiga simu, daktari akamwambia siku ya kuacha aspirini na siku ya kurudi. Siku hiyo shanga alizofunga mikononi nazo zikafunguliwa, maana mkononi ndipo dawa inapopita. Mtaalamu akauliza tena kama kuna chuma.

"Hakuna," Mama akasema kwa fahari.

Mimi nikatazama kilemba chake chekundu. "Mama, sindano yako."

Alikuwa ameichomeka ukingoni, na uzi wake, kama kawaida yake. Mtaalamu alicheka. "Ndiyo maana tunauliza mara tatu, mama."

Mama alitoka baada ya saa moja na nusu, ana mistari ya kitanda kwenye paji la uso. Muuguzi alikuwa amekandamiza kidonda mpaka damu ikakoma, akaweka plasta na barafu. Hakushonwa hata uzi mmoja. Aliambiwa asinyanyue vitu vizito siku mbili, na arudi haraka akitokwa na damu nyingi, homa au usaha. Jioni Bibi alimrudishia pete, akamkataza kushika ndoo.

Titi lilipata weusi, ukapungua. Baada ya wiki daktari alituita. Alisoma majibu polepole.

"Si saratani. Rudi baada ya miezi sita tupige picha nyingine."

Mama alishika mkono wangu hadi ukaniuma. Tulipofika nje tu, akampigia simu mdogo wake Iraida, anayeishi kisiwani kwetu.

"Na wewe uje upimwe. Elvia alikuwa dada yako pia."

"Sindano inauma?"

"Ganzi inauma kama siafu mmoja. Baada ya hapo wanakusukumasukuma tu. Labda hata hutafika huko, wataanza na eksirei."

"Nitakuja nikimaliza kuvuna nazi."

"Nazi zitavunwa na mumeo. Panda boti ya Ijumaa."

Ijumaa tulimpokea bandarini. Alishuka kwenye boti amenuna, na kapu la nazi begani, akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.